Vifaa vitakusaliti tu: mwongozo kamili wa kupika bia nyumbani bila kulia

Saa kumi na moja alfajiri niliamka kwenda choo nikakanyaga maji na soksi. Nikadhani ni mvua imepita chini ya mlango, hapa Free Area Nakuru ikinyesha vizuri hiyo si habari mpya. Halafu nikasikia harufu ya mkate imechanganyika na ndimu, nikajua kumeharibika. Lita 19 za bia, siku ya tatu zikichacha, zilikuwa zimetoka kwa koki ya ndoo tone kwa tone usiku kucha, zikapita chini ya kochi zikafika korido, na sisimizi washapanga laini kama watu wa kupiga kura.

Nikampigia nyanya yangu huko Butere, yeye amepika busaa tangu kabla mamangu azaliwe, nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. "Mjukuu wangu, nyungu yangu haina koki. Itavuja wapi?"

Hayo maneno yamenikaa kichwani miaka yote. Kila kitu unachoongeza kwa hii kazi, koki, paipu, koili, waya, themometa, ni mahali pengine pa kuvuja ama kuziba ama kuungua ama kukudanganya. Sisemi turudi kwa nyungu, bia ya shayiri na hopsi (yale maua yanayochemshwa ndani kuitia uchungu) inataka joto la kupimwa na usafi wa hospitali. Nasema tu hakuna kifaa kinaruhusiwa kukutana na bia kabla hakijakutana na maji. Basi nitaenda hatua kwa hatua vile siku ya kupika inaenda, nikikuonyesha kila mahali mimi na shemeji yangu wa Kisumu tumeangukia. Na kama unafikiria kuuza, hiyo ni mambo ya leseni, sheria ya vileo ya 2010 haina mzaha. Hapa tunaongea ya kunywa na marafiki watu wazima.

Neno moja utaliona sana: worti. Ni yale maji matamu ya kimea, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, kabla hayajatiwa hamira. Yakishatiwa hamira na kuchacha ndio bia.

Hatua ya 1: pika maji

Wiki moja kabla ya kupika bia, pika maji. Lita 20 hivi. Fanya kila kitu utakachofanya siku yenyewe: pasha mpaka digrii 66, ufunike lisaa limoja uone joto limeshuka kiasi gani, chemsha, pooza, hamisha kwa ndoo, funga kifuniko, acha ilale, kesho yake uhamishe tena na paipu kwa chupa. Mama watoto aliniuliza kama nimerukwa na akili, gesi inateketea na hakuna chai inakuja. Lakini siku hiyo ya maji niligundua paipu yangu ni fupi nusu mita, kifuniko cha ndoo hakifungi upande mmoja, na sufuria ikijaa mimi peke yangu siwezi kuisongesha. Hayo yote ningeyagundua nikiwa na worti moto mkononi.

Ndoo ukishaijaza maji ya uvuguvugu (si baridi, plastiki na raba zinalegea zikipata joto) iweke juu ya gazeti kavu ilale hapo. Gazeti halidanganyi. Hata tone moja litaacha alama.

Sasa koki. Tobo la koki mimi nilitoboa na msumari wa moto, likatoka na shepu ya yai, na raba haiwezi kuziba yai. Tafuta fundi wa mbao mwenye ule msumeno wa duara wa drili, ni kazi ya dakika mbili. Koki yangu ilikuja na raba mbili, moja ya kukaa ndani na moja nje, mimi kwa ujinga nikaweka zote nje kwa sababu nje ndiko ninakoona. Kaza na mkono mpaka ikatae halafu ongeza kidogo tu, ukikaza kama nati ya tairi raba inabinyika inatokea kando. Na usinunue koki ya bomba ile ya chuma iliyopakwa zinki, worti ina asidi na itakula hiyo zinki uinywe. Plastiki ya chakula ama stenlesi, basi.

Je, ukikuta inavuja na bia iko ndani? Usianze kukaza kwa nguvu, nati ya plastiki ikipasuka hapo umemaliza kila kitu. Weka beseni chini, safisha ndoo ya pili, hamisha na paipu polepole mwisho wa paipu ukiwa chini kabisa isirushe povu. Bia inayochacha inavumilia kuhamishwa kuliko unavyofikiria. Ndoo ya pili ndio bima ya bei rahisi kwa hii mchezo, kuwa nayo hata kama huna pesa ya kitu kingine.

Ndoo zenyewe: chukua mpya ya chakula. Zile za mafuta ya kupikia zinavutia kwa bei lakini mafuta hayatoki yote hata uoshe na nini, na mafuta yanaua povu la bia. Iliyowahi kubeba rangi ama dawa ya shamba usiiangalie mara ya pili. Ukipata ndoo nzuri, pima maji lita moja moja uweke alama na kalamu nzito kwa nje, kwa sababu siku ya kupika utasahau kuhesabu.

Hatua ya 2: kimea na posho mili

Hapa ndipo watu wa western na Rift tunajikwaa sana kwa sababu posho mili iko kila kona na inaonekana ndio jibu. Mara yangu ya kwanza nilipeleka kilo 5 za kimea cha shayiri, nikamwambia kijana wa mashine asage, nikarudi na unga laini wa uji. Nikautia kwa maji ya moto ukashikana kama sima. Nilikorogea jasho likinitoka na worti haikutoka hata kikombe.

Kimea kinatakiwa kupasuliwa tu. Punje ivunjike mara mbili tatu lakini ganda libaki karibu zima, kwa sababu ganda ndilo chujio. Posho mili nyingi ni za nyundo, zinapiga mpaka zinamaliza kila kitu. Mwambie mwenye mashine aweke ule wavu wenye matundu makubwa wa kusagia chakula cha mifugo, na aanze na konzi moja uone kabla hujamwaga yote. Mimi siku hizi natumia kile kinu cha mkono cha mahindi, nimelegeza skrubu. Mkono unauma lakini kimea kinatoka sawa.

Ukishaharibu na huna kimea kingine kuna njia. Pumba za mchele, yale maganda yenyewe, watu wa Kisumu mna bahati kwa sababu Ahero iko hapo na maganda yanapatikana kwa wanaokoboa. Osha vizuri mpaka maji yatoke safi, chemsha dakika kumi, changanya konzi tatu nne kwenye huo uji wako wa shayiri. Hayaongezi ladha, yanafungua njia ya maji tu. Njia ya pili ni mfuko: neti ya pazia ile ya polista, fundi wa nguo anashona mfuko wa kutosha sufuria yako kwa bei ya soda. Kimea kinakaa ndani ya mfuko, ukimaliza unauinua kama unavyochuja chai. Lakini weka sahani ya chuma imegeuzwa ndani ya sufuria, chini ya mfuko, neti ikigusa chuma moto na jiko linawaka inayeyuka, nimeyeyusha mbili.

Kitu kingine nje ya mada kidogo, kuna jamaa alinunua gunia la shayiri kwa mkulima huko Mau Narok akasema amepata kimea cha bei ya chini. Shayiri ambayo haijaoteshwa si kimea, haina vimeng'enya vya kutosha vya kugeuza wanga kuwa sukari. Alipata uji. Mzuri, lakini uji.

Hatua ya 3: themometa, huyo ndiye mwongo mkubwa

Kama kuna kifaa kimoja nakuomba usikiamini ni hiki. Kuloweka kimea kunataka digrii 65 mpaka 68, na tofauti ya digrii 5 inabadilisha bia nzima. Yangu ya kwanza ilikuwa inasoma chini digrii 5, nikiona 67 kumbe ni 72. Kwa joto hilo unapata sukari nyingi ambayo hamira haiwezi kula, bia ikakwama tamu tamu kama sharubati na mimi nikalaumu hamira miezi mitatu. Ukienda chini sana nayo, karibu 60, inatoka nyepesi kavu.

Kupima ni rahisi. Jaza glasi barafu, ongeza maji kidogo, koroga dakika mbili, isome 0. Halafu chemsha maji yatokote kabisa. Na hapa sikiza vizuri kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa na watu wa pwani za kwao: kwetu maji hayachemki kwa 100. Nakuru tuko juu karibu mita 1,850, maji yanatokota kwa kama 94. Kisumu kama 96. Shemeji alirudisha themometa mbili dukani akisema ni mbovu, zote mbili zilisoma 96, nikamwambia shemeji, mbovu si themometa, ni wewe hujui unaishi mlimani. Alinuna wiki nzima.

Hiyo 94 ina maana nyingine. Uchungu wa hopsi unatoka polepole zaidi maji yakiwa na joto la chini, kwa hivyo ukifuata resipe ya Marekani neno kwa neno bia yako itatoka haina uchungu wa kutosha. Ongeza hopsi kidogo ama chemsha dakika 15 zaidi.

Ile ya glasi ikivunjikia ndani ya worti: kama ilikuwa na zebaki, ile ya fedha inayoteleza, mwaga yote, na usiiguse zebaki na mkono. Kama ni ile ya rangi nyekundu pia mimi ningemwaga kwa sababu ya vipande vya glasi, kuna watu huchuja na kitambaa wakaendelea, mimi tumbo langu silichezei hivyo.

Hatua ya 4: jiko

Hii ndiyo sehemu ya kukuumiza kweli, hapa si hasara ya bia tena.

Wengi tuna ule mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu, meko. Ni mzuri kwa ugali. Sufuria ya lita 25 za worti ni karibu kilo 30 imekaa juu ya kitu chembamba kirefu, ukikoroga tu inayumba, tena sufuria pana inarudisha joto chini kwenye mtungi wenyewe. Mimi niliwahi kuishika ikiinama, nikaungua mkono wa kushoto mpaka kiwiko, na hapo nilikuwa na bahati. Nunua kile kichomeo cha chini cha miguu mitatu wanachotumia watu wa chapati na mahoteli, mtungi ukae mbali na paipu. Na usibebe sufuria inayochemka hata kama uko na mtu wa kukusaidia. Toa worti kwa koki ama kwa paipu ikishapoa.

Jiko la makaa ndani ya nyumba hapana. Kuchemsha bia ni lisaa limoja na nusu, huo moshi usioonekana unaua watu kimya kimya.

Povu sasa. Worti ikikaribia kuchemka inapandisha povu ghafla kama maziwa, na kama maziwa inakungoja ugeuke ujibu simu. Usijaze sufuria kupita robo tatu, shusha moto inapoanza kunguruma, uwe na chupa ya kunyunyizia maji baridi karibu. Ikimwagika haichafui jiko tu, inazima moto na gesi inaendelea kutoka bila wewe kujua. Kwa hivyo ikimwagika kitu cha kwanza ni kufunga gesi, si kupangusa. Fungua madirisha, ngoja harufu iishe, ndio uwashe tena.

Gesi ikiisha katikati. Itaisha tu, na itaisha Jumapili jioni. Pima mtungi kabla: uzito wa mtungi mtupu umepigwa muhuri pale juu kwenye chuma, unaweka kwenye mizani unatoa hiyo namba, inayobaki ndio gesi yako. Kwangu lita 25 zinakula karibu kilo moja. Ikiisha wakati wa kuchemsha usihofu, funika, tafuta gesi nyingine, endelea kuhesabu dakika ulipoachia, hopsi zilizoingia zinaendelea kutoa uchungu kidogo hapo kwa joto kwa hivyo bia itakuwa chungu kidogo zaidi, hakuna aliyekufa. Ikiisha wakati wa kuloweka kimea, funga sufuria na blanketi, joto linakaa lisaa limoja vizuri. Usichoweza kufanya ni kuacha kimea kilowe mpaka kesho, kitachacha kama uji wa wimbi na utapata kitu ambacho nyanya atakipenda kuliko wewe.

Na koili, ile ya kuchemshia maji ya kuoga. Kuna mtu atakuambia inafanya kazi. Sukari ya worti inagandia pale inaungua inakuwa nyeusi na bia inanuka moshi, zile za bei rahisi zinapiga shoti ukigusa maji ama mwiko wa chuma, na wati 2,000 kwa ekstensheni ya waya mwembamba ni moto unaosubiri. Ya kuoga iache bafuni.

Hatua ya 5: kupooza

Worti ya moto inatakiwa ishuke mpaka karibu 20 haraka kabla hamira haijaingia, na kwa muda huo ndio wadudu wa hewani wanapenda kuingia pia. Wenye pesa wana koili ya shaba ya kupitisha maji ya mfereji. Ukitengenezewa na fundi, koili mpya ina mafuta ndani na nje, ichemshe kwanza kwa maji yenye siki. Viungo vya paipu na koili vikae nje ya ukingo wa sufuria, si juu yake, kwa sababu klipu ikilegea maji ya mfereji ambayo hayajachemshwa yanamwagikia ndani ya worti. Ikitokea kidogo, chemsha tena dakika kumi uendelee.

Kisumu koili haikusaidii sana, maji ya mfereji yenyewe ni vuguvugu. Shemeji anafanya hivi: worti ikitoka tu jikoni anaijaza kwa mtungi mgumu wa plastiki wenye namba 2 kwenye ile pembe tatu ya chini, mpya, umeoshwa, anabana kutoa hewa, anafunga, anaulaza upande ili joto liguse kila pahali hadi kifuniko, anauacha mpaka kesho upoe wenyewe. Inafanya kazi. Chupa nyembamba za maji ya dukani usijaribu, zinajikunja kama karatasi na utaungua. Tena ukitumia hii njia kumbuka hopsi za mwisho zinaendelea kutoa uchungu maana worti inakaa moto muda mrefu, zipunguze.

Hatua ya 6: ndoo, airloki na joto la nje

Airloki ni kile kidude cha plastiki chenye maji kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Huna? Paipu nyembamba kutoka kwenye kifuniko mpaka ndani ya chupa yenye maji, imekwisha.

Shida mbili. Ya kwanza, inaziba. Povu linapanda na vipande vya hopsi, linaziba tundu, gesi inajaa, kifuniko kinaruka. Cha kwangu kiliruka saa nane usiku kikagonga dari, keateka akaja na rungu, na ile alama ya kahawia juu ya dari nililipia nilipohama. Acha nafasi ya robo ndoo juu, na siku tatu za kwanza tumia paipu nene, kidole gumba kiingie karibu. Ukikuta kifuniko kimevimba usiinamie uso juu yake, weka taulo, legeza upande mmoja.

Ya pili, haipigi mapovu na wewe unaanza kulia. Mara nyingi bia inachacha vizuri, gesi inapitia kifuniko ambacho hakijafunga sawa. Usiongeze hamira kabla hujapima na haidromita, kile kioo kinachoelea kinachokuonyesha sukari imebaki kiasi gani.

Hamira za kawaida za bia zinataka 18 mpaka 22, na kumbuka bia inayochacha inajipasha yenyewe digrii tatu nne juu ya chumba. Nakuru usiku wa Julai ndoo inapoa hamira inalala, blanketi linatosha. Kisumu ni kinyume, chumba cha 28 kinakupa bia inayochoma koo kama chang'aa na kichwa cha kesho yake usiniulize. Beseni lenye maji, ndoo ndani, fulana ya pamba iliyolowa imeivaa ndoo mpaka ndani ya maji, feni mbele. Chupa mbili za barafu unabadilisha asubuhi na jioni. Ama ufanye alivyofanya shemeji baadaye, alitafuta kveik, hamira ya mashambani ya Norway ambayo inapenda 30 na kuendelea. Tangu siku hiyo anajiona profesa.

Friji nayo. Ukiweka kidhibiti joto cha nje, ile sensa ibandike kwenye ubavu wa ndoo na tepu ya kutosha, ufunike na sponji. Yangu ilibanduka ikaning'inia nje ya mlango, ikawa inasoma joto la jikoni, friji ikapiga siku mbili bila kupumzika na bia ikawa barafu. Stima ikipotea usifungue mlango, lita 20 hazipati joto haraka. Hatari zaidi ni stima ikirudi, inarudi na nguvu, kwa hivyo weka friji gadi.

Hatua ya 7: usafi na haidromita, kwa kifupi

Kila kitu kinachogusa worti iliyopoa kioshwe halafu kiuliwe wadudu, hayo ni mambo mawili tofauti. Kama unatumia jik ya kawaida isiyo na manukato: kijiko kikubwa kimoja kwa lita 4 za maji baridi, dakika 20, suuza na maji yaliyochemshwa. Ikibaki hata kidogo bia inaonja plasta ya kidonda. Usiichanganye na siki, inatoa gesi ya sumu. Usiiache ikilala kwenye stenlesi, inachimba vishimo, wala usiitie kwa sufuria ya aluminiamu. Hiyo ya aluminiamu hata usiisugue mpaka ing'ae, ile rangi ya kijivu ndiyo inailinda. Maji ya mfereji yenyewe yana klorini, yachote jioni yalale wazi. Na paipu usivute na mdomo, mdomo wako ni mchafu kuliko unavyoamini, ijaze maji yaliyochemshwa ufunge na kidole.

Haidromita inavunjika. Nimevunja nne. Nunua mbili kwa mpigo, usiiache mezani inabingirika. Kabla ya kutumia iweke kwa maji ya digrii 20, isome 1.000, kama inasoma 1.004 basi toa 0.004 kila mara. Sampuli ya moto inadanganya, ipooze. Ukianza 1.050 ukamaliza 1.010, toa, zidisha mara 131, hiyo ni karibu asilimia 5.2 ya pombe.

Hatua ya 8: chupa, na hapa polepole

Chupa inayolipuka inarusha vioo chumba kizima. Sijawahi kuogopa kitu kwa hii kazi kama hicho.

Usijaze chupa kwa sababu wiki mbili zimeisha. Jaza kwa sababu haidromita imesoma namba ileile siku tatu. Ile bia yangu tamu ya themometa mbovu ilisimama 1.022 na ingeweza kuamka ndani ya chupa, niliiacha wiki mbili zaidi ndio nikajaza. Sukari ya kutia gesi ipimwe kwa mizani, si kijiko: gramu 6 mpaka 7 kwa lita, yaani lita 19 ni kama gramu 125 kwa ndoo nzima. Ichemshe na maji kidogo, mimina kwa ndoo safi, hamishia bia juu yake, koroga pole kabisa. Ukitia kijiko kwa kila chupa utapata moja maji na nyingine bomu.

Chupa za kahawia za nusu lita zile za kurudishwa ni nene, hizo ndizo. Za divai na za mchuzi achana nazo. Kagua kila mdomo na kidole, wenye pengo kidogo tupa. Ile mashine ya kufunga kwa kugonga na nyundo itavunja shingo ya chupa siku moja, nunua ya mikono miwili. Ikikwama ama ikivunjika katikati ya kazi, na yangu ilivunjika ikiwa imebaki chupa kumi na tisa, tumia za plastiki za soda na vifuniko vyake, zinahimili shinikizo vizuri sana. Bia ikae gizani, zinapitisha mwanga.

Kwa kweli hata mashine ikiwa nzima jaza moja ya plastiki kila mara. Hiyo ndiyo geji yako. Bonyeza kila siku. Zote zikae ndani ya kreti, gunia juu, chumba ambacho watoto hawaingii. Ile ya plastiki ikiwa ngumu kama mpira wa miguu baada ya siku saba mpaka kumi na nne, weka moja ya kioo kwa friji siku nzima ufungue juu ya sinki. Ikiwa ngumu siku ya pili au ya tatu, hapo kuna shida: vaa miwani na glavu nzito, funika chupa moja moja na taulo nene, ingiza zote kwa friji bila kuzitingisha, na zikishapoa kabisa fungua kila moja kidogo itoe gesi uifunge na kifuniko kipya. Ukikuta moja imeshapasuka ndani ya kreti usianze kuokota vioo. Funga mlango, zipoe usiku mzima, urudi asubuhi.